Kumsemesha Dada Mazoezini

Siku hizi mjini Goma watu wengi wameshika desturi ya mazoezi ya mwili. Asubuhi na mapema, hasa mwisho wa juma, twawaona vijana, wake kwa waume, wakikimbia barabarani kwa makundi huku wakiimba. Wengine huingia katika majumba ya mazoezi kuinua vyuma. Ni jambo jema. Neno letu ni juu ya wale vijana wa kiume wadhanio kwamba kila msichana atokwaye jasho amekuja kutafuta mchumba.

Dada mmoja, mwalimu kama sisi, alitusimulia yaliyompata. Alilipa ada ya mwezi mzima. Siku ya tatu mwanamume asiyemjua akaanza kumfuata kila mahali ndani ya jumba lile, akimfundisha asichoulizwa na kumwita "sheri". Alipokataa kumpa namba ya simu, yule bwana akawa anamngoja mlangoni. Dada akaacha kwenda. Ada haikurudi.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Sokoni, mtu akikuchosha kwa maneno wahamia meza nyingine. Mazoezini huna pa kuhamia: saa ni ile ile, chumba ni kile kile, na uliyemkataa jana yupo tena leo amekukodolea macho. Wala tusimwambie dada huyo akakimbie peke yake kabla ya mapambazuko, katika mji uliopitiwa na vita mara nyingi, na ambao M23 waliuingia mwezi wa Januari 2025. Jumba lile lenye mlango na taa lilikuwa mahali pake pa salama.

Wazee wetu hawakumsimamisha msichana njiani na kumdai jibu. Walimtuma shangazi, au mshenga. Vijana hucheka desturi hiyo, nao hawaioni faida yake: msichana aliweza kukataa bila kutazamana na aliyemkataa, na kesho yake akapita njia ile ile bila hofu. Mazoezini mshenga hayupo. Basi kijana mwenyewe hana budi kumpa dada nafasi hiyo.

Atafanyaje? Asimsemeshe aliyeshika chuma, wala aliyeziba masikio kwa vidude vya kusikilizia muziki; mtu wa namna hiyo ni kama binti apandaye kutoka ziwani na bidoni la maji kichwani. Amwamkie tu, "Jambo, dada," siku nyingi, asiongeze neno. Akijibiwa kwa ufupi, huko ni kujibiwa. Wakizoeana, aseme haja yake mara moja, dada akiisha kumaliza kazi yake, tena mbele za watu, si kwa kumzibia mlango. Na badala ya kuomba namba, aache yake. Asipopigiwa, amwamkie kama zamani, asinune. Kumpiga picha kwa simu kwa siri ni utovu wa adabu kabisa.

Jambo hili si geni. Katika Athene ya kale mazoezi yalikuwa ya wanaume tu. Hata hivyo Aeschines, katika hotuba yake ya mwaka 345 kabla ya Kristo, ataja sheria iliyokataza viwanja vya mieleka kufunguliwa kabla ya jua kuchomoza, na kuamuru vifungwe kabla halijatua, ili watoto wasisumbuliwe na watu wazima.

Kwa mkufunzi wa mazoezi twasema kwa ukali zaidi, maana yeye hulipwa ili aaminiwe. Sheria ya nchi yetu namba 06/018, ya tarehe 20 Julai 2006, yamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 12 mtu ashikiliaye kumsonga mwenzake, au atumiaye mamlaka yake, ili apate tendo la mwili.

Labda kijana msomaji wetu atauliza: Je, ndoa haziwezi kuanzia mazoezini? Zaweza. Twamjua bwana mmoja na mkewe waliokimbia katika kundi moja miezi mingi. Bwana hakumwambia dada neno lolote. Alimwendea rafiki yake wa kike akamwomba amwulizie. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, na muda huo wote waliendelea kukimbia pamoja kama kawaida.