Misumari Niliyoilipia

Nilikuwa nyumbani Mafinga. Mama alipiga simu kwamba upepo wa usiku umeulaza ukuta wa kibanda chake cha cherehani, kile cha mbao nilichomjengea mwaka jana. Mchana mtoto wa dada yangu hulala humo. Bahati ilikuwa usiku.

Kwetu kuna msitu wa Sao Hill, na paini ndiyo maisha yetu. Kwa hiyo nilishuka basi nikiwa na habari tayari kichwani: nani anawauzia watu mbao mbovu?

Mama alikuwa amemwita mzee jirani, seremala wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia, akabandua plaiwudi kwa mkono mtupu. "Mbao hii ina kosa gani, mwanangu?"

Haikuwa na kosa. Akanionyesha misumari. Mstari mzima ulikuwa umepita pembeni ya nguzo, unang'aa hewani, haujashika kitu. Mingine ilipigwa kwa hasira hadi vichwa vikazama ndani ya plaiwudi. Mingine ilikaa ukingoni kabisa, mbao ikapasuka.

Akapigilia vipande vinne vya mbao vikawa mraba, akausukuma pembeni. Ukalala kama kasha la kiberiti lisilo na droo. Akagongomea plaiwudi juu yake, misumari ikizunguka kingo zote. Nikausukuma kwa mikono miwili. Wapi!

"Plaiwudi ndiyo inayouzuia usilale," alisema, "na msumari ndio unaoishika plaiwudi. Kichwa kikizama, plaiwudi inachomoka, msumari unabaki kwenye nguzo."

Usiku nikasoma. Alfajiri ya 17 Januari 1994, tetemeko la ukubwa wa 6.7 lilipiga Northridge, Los Angeles, ambako nyumba nyingi ni za fremu za mbao. Wachunguzi walikuta makosa yaleyale katika baadhi ya majengo yaliyoharibika: misumari ya bunduki za hewa iliyozama kupita kiasi, au iliyokosa nguzo. Marekani desturi ni msumari kila inchi 6 kwenye kingo za plaiwudi na kila inchi 12 katikati. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Msumari uliokosa nguzo nao unahesabika.

Habari yangu ilikufa hapo. Fundi wa kibanda nilimtafuta mimi, kwa simu, nikiwa Dar. Nilimkata bei mara mbili, nikamwambia amalize Ijumaa. Akamaliza Ijumaa. Nikatumiwa picha ya kibanda kimepakwa rangi, nikajibu "safi sana".

Mzee alikubali kukijenga upya kwa sharti moja: mtu akague kila msumari kabla ya kufunikwa. Basi Jumapili nzima nilikuwa ndani ya kibanda na tochi ya simu, yeye akigonga kwa nje. Nikiona ncha imetokeza kando ya nguzo, napiga kelele. Tuling'oa mitatu, tukapigilia upya.

Mtoto amerudi kulala humo.

Haya, na wewe unayejenga kijijini kwa simu: picha ya mwisho uliyotumiwa, ilikuwa ya rangi au ya misumari?