Bab Zuwayla: Lango la Kale la Mji wa Cairo

Ndugu msomaji, mtu akitoka Msikiti wa Al-Azhar akaifuata njia ya kale iendayo kusini, hatakwenda mwendo mrefu ila atalikuta mbele yake lango kubwa la mawe. Lina buruji mbili za mviringo, na juu ya kila buruji umesimama mnara wa msikiti. Hilo ndilo Bab Zuwayla. Vijana wetu huenda Azhar kutafuta elimu, na yafaa wayajue yaliyopita hapo, kwani lango hili ni kitabu kwa mwenye kuzingatia.

Mji wa Cairo ulianzishwa mwaka 969, sawa na mwaka 358 wa Hijra, na Jawhar, jemadari wa Khalifa al-Mu'izz wa Kifatimi. Ukuta wake wa kwanza ulikuwa wa matofali ya udongo. Katika jeshi lake walikuwamo watu wa kabila la Zuwayla, Mabarbari wa Maghribi, nao wakapewa mtaa wao karibu na mlango wa kusini. Jina la kabila likabaki kuwa jina la mlango mpaka leo.

Yapata miaka mia baadaye, zama za Khalifa al-Mustansir, Misri ilipatwa na msiba mkubwa. Maji ya Nili yalipungua, askari wakapigana wao kwa wao, na njaa ikadumu muda wa miaka saba. Khalifa akamwita liwali wake wa Akka, Badr al-Jamali, mtu wa asili ya Kiarmenia, aje kuiokoa nchi. Badr akafika, akawatiisha wenye fitina, akarudisha amani. Mwaka 1077 majeshi ya Kituruki yalitoka Sham yakaishambulia Misri, yakafukuzwa. Ndipo Badr alipoona kuwa ukuta wa udongo hautoshi. Akajenga ukuta wa mawe, na milango mikubwa mitatu ya ukuta huo ingali imesimama: Bab al-Nasr na Bab al-Futuh upande wa kaskazini, ya mwaka 1087, na Bab Zuwayla upande wa kusini, ya mwaka 1092. Mwanahistoria al-Maqrizi amesimulia kuwa waliojenga milango hiyo ni ndugu watatu waliotoka mji wa Ruha, kila mmoja akajenga mlango wake.

Mwaka 1260 ulikuwa mwaka wa hofu. Baghdad ilikwisha kuangamizwa miaka miwili nyuma, na Hulagu, mfalme wa Wamongoli, alituma wajumbe Cairo kumtaka Sultani Qutuz asalimu amri. Qutuz akaamuru wauawe, na vichwa vyao vikatundikwa juu ya Bab Zuwayla. Kisha akatoka na jeshi lake, na tarehe 25 Ramadhani 658 Waislamu wakawashinda Wamongoli katika vita vya Ayn Jalut. Ushindi ule ni fahari yetu. Lakini tusifiche la pili: Mtume wetu, S.A.W., aliwapokea wajumbe wa Musaylima mwongo wasio na adabu, wala hakuwaua, kwa kuwa mjumbe hauawi. Tunaweza kuusifu ujasiri wa Qutuz bila ya kuyahalalisha yote aliyoyafanya. Mwenye kusoma tarikh kwa uadilifu huyatazama mazuri na mabaya ya watu wake.

Pembeni mwa lango palikuwa na gereza lililosifika kwa ubaya. Amiri mmoja, jina lake Shaykh, alifungwa humo, akateseka kwa chawa na viroboto. Akaweka nadhiri kuwa Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atapageuza mahali pale pawe pa ibada. Mwaka 1412 akawa Sultani, akaitwa al-Mu'ayyad, na mwaka 1415 akaanza kujenga msikiti. Minara yake miwili ikapandishwa juu ya buruji za lango. Nadhiri ikatimizwa. Lakini hata katika kheri hiyo iliingia doa: mlango mzuri wa shaba wa msikiti wa Sultani Hasan uliondolewa ukatiwa katika msikiti huu mpya, nao ungali hapo. Nyumba moja ya Mungu ilivuliwa ili nyingine ivikwe.

Mwaka 1517 Sultani Selim wa Uthmaniya aliiteka Misri. Tuman Bay, Sultani wa mwisho wa Wamamluki, akakamatwa akaletwa Bab Zuwayla kunyongwa. Ibn Iyas, aliyeishi zama hizo, ameandika kuwa Tuman Bay aliwaomba watu wamsomee Fatiha mara tatu, naye akasoma pamoja nao, na kwamba kamba ilikatika mara mbili. Lango alilopita akiwa mtawala ndilo lililoutundika mwili wake. Mawe yale yalikuwa imara, lakini hayakumfaa kitu.

Zama za baadaye watu wa kawaida waliliita lango hili Bab al-Mutawalli. Walidhani kuwa walii mkubwa, mwenye jina hilo, hukaa nyuma ya ubao wake. Mwenye kuumwa na kichwa akipigilia msumari mlangoni. Mwenye kuumwa na jino akiling'oa na kulichomeka katika ufa. Hali wengi husema kuwa jina hilo ni cheo tu cha ofisa wa serikali aliyekuwa akikaa hapo. Angalia, msomaji, jinsi ujinga uwezavyo kumfanya mkusanya kodi kuwa mponya wagonjwa! Tusiwacheke watu wale. Tujiulize sisi tunatundika nini, na wapi, wakati watoto wetu wanapougua, na Mola aponyaye yuko karibu kuliko kila mlango.

Lango lilitengenezwa upya kati ya mwaka 1998 na 2003, na mgeni aweza kupanda mpaka juu ya minara na kuutazama mji wote. Ajenzi na afunge, ufalme ni wa Mwenyezi Mungu. Naye humpa amtakaye na humvua amtakaye. Kijana wetu akipita chini ya lango hili na vitabu vyake mkononi, na akumbuke hayo.

Wabillahi taufiq.