Kimea cha Kandy

Ibn Battuta aliyepita Mombasa katika karne ya 14 alifika pia kisiwa cha Sri Lanka. Mimi nilikwenda huko kwa shughuli za chai, kwani mwenye riziki yake katika mnada wa Mombasa hutamani siku moja kuuona na ule wa Colombo. Lakini mwanangu wa miaka 10 alikuwa amenituma jani jingine.

Katika tangi lake la samaki, nyumbani kwetu Mji wa Kale, alipanda kimea kiitwacho Cryptocoryne parva. Ndicho kidogo kuliko vyote vya jamii yake. Aghalabu urefu wake ni kama sentimita 5. Hupandwa mbele ya tangi kiwe mfano wa zulia, na zulia hilo huchukua miezi mingi kuenea. Haikutimia wiki ya pili, majani yote yakayeyuka. Mtoto alilia. "Baba, niletee kingine kutoka kwao," akaniambia, maana kwa asili kimea hicho hakioti kokote duniani ila Sri Lanka.

Kutoka Colombo nilipanda garimoshi hadi Kandy, kwa reli iliyofika huko mwaka 1867. Tuliyaacha mashamba ya mpunga, tukaanza kupanda milima, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Nilizuru bustani ya Peradeniya, iliyokumbatiwa na Mto Mahaweli, kisha mwenyeji wangu akanipeleka kwenye kijito kilichokuwa kivulini. Akainama, akaondoa majani makavu. Hapo palikuwa na vijani vyembamba vya kijani kibichi, nusu majini, nusu nchi kavu. Akanieleza kuwa mvua zikija, kijito hukifunika kimea. Maji yakipungua, hubaki wazi. Hali inapokibadilikia ghafla, huweza kuyaacha majani ya zamani yafe, kisha kikachipuza mengine kutoka mizizini.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka. Kishina kimoja tu mfukoni, nani angejua? Lakini hapo ndipo kwao, na hakina kwao kwingine. Tena nilichokitafuta huenda kilikuwa hai nyumbani. Nikaurudisha mkono, nikapiga simu.

"Mwanangu, umeing'oa mizizi?"

"Bado, Baba."

"Usiing'oe wala usiihamishe. Iache penye mwanga, ungoje."

Nilirejea mikono mitupu, nami nikiona haya, kwani mtoto humpokea msafiri kwa kutazama mkoba wake. Yeye hakuutazama. Alinivuta hadi kwenye tangi, akanionyesha kwa kidole: vijani viwili, kila kimoja hakizidi ukucha wake.

"Zulia litakamilika lini?"

"Labda ukiwa darasa lijalo."

Akahesabu miezi kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kuwalisha samaki.