Kabla hujanywa, muulize aliyepika

Ukiingia mkahawani na kuagiza samaki, bila shaka utamuuliza mhudumu samaki huyo alivuliwa lini. Ukinunua maziwa utauliza kama ni ya leo au ya jana. Lakini mnywaji wa mjini akiketi kwenye baa na kuletewa chupa, haulizi lolote. Huitazama lebo, huifungua, akanywa. Ni nani aliyepika bia ile, lini, na kwa kutumia nini, hayo hayamsumbui.

Simlaumu. Kiwanda kikubwa kina maabara na wakaguzi wake, na mnywaji hana haja ya kumjua mpishi. Hata hivyo, vipo vileo vingine, vinavyopikwa kwa mikono katika vyungu na mapipa machache, ambavyo usalama wa mnywaji wake umo katika jibu la swali hilo. Kazi hii ya kuandika makala imenifikisha katika baadhi ya mahali vinakotengenezwa, toka Pwani hadi mpakani na Uganda, na leo ningependa tufuatane huko. Nawe usiyegusa pombe usifungue ukurasa mwingine kwanza. Safari hii haihusu kileo peke yake.

Tuanzie Kaunti ya Kilifi. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi hadi Mazeras, kata kulia, upite Rabai na kuendelea hadi Kaloleni. Minazi imejaa pande zote mbili za barabara. Mahali pa kunywea mnazi huku huitwa mangwe. Si jengo la fahari. Aghalabu ni kibanda cha makuti, viti virefu vya mbao, na kivuli cha mwembe. Watu hunywa polepole kwa mirija, wakizungumzia mvua, mashamba, mahari na siasa.

Ukifika asubuhi mapema utamkuta mgema kazini. Hukwea kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, bila kamba wala ngazi, na kotama kiunoni. Juu kule hulifunga karara kabla halijapasuka, akalikata ncha na kutega kibuyu ili utomvu udondoke ndani. Jioni hukwea tena kupunguza ncha ile, maana jeraha likikauka utomvu hukatika. Ni kazi ya kila siku, na mti hausamehe anayeteleza.

Utomvu huo unapotoka ni mtamu kama sharubati. Hakuna anayeutia hamira. Chachu iliyo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo, na kufikia mchana kinywaji kina povu na nguvu kidogo. Kesho yake kimekuwa kikali na kichungu. Baada ya hapo ni siki. Kwa hiyo mnazi hauwekwi ghalani ukingoje bei nzuri. Hunywewa karibu na mti ulikotoka, na mnywaji aghalabu humjua aliyeukwea mti huo.

Mzee mmoja aliyegema kwa miaka mingi alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Nilimuuliza kama hajapata kishawishi cha kuutia maji mnazi wake ili uongezeke. Alicheka, akasema: "Mwanangu, hapa wananijua mimi, wanamjua mke wangu, na wanaijua minazi yangu mmoja mmoja. Nikitia maji leo, kesho nitaketi hapa peke yangu na kibuyu changu."

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huwa tunaitumia methali hiyo kuwasema wenye majivuno, tukasahau kwamba inatueleza pia habari za biashara ya pombe. Wazee wetu walijua tangu zamani kuwa hatari kubwa ya kileo cha mkono ni kuchakachuliwa, na dawa yake ni macho ya majirani. Si ajabu basi kwamba kwa Wamijikenda mnazi si kinywaji tu. Kuna kadzama, kipimo cha mnazi kinachotolewa wazee wanapokutana kuposa au kuamua mashauri. Huwezi kumpelekea mkwe wako kitu usichojua kilikotoka.

(Ukiwa huko, tenga muda pia kwa ajili ya makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Hiyo ni ziara hata mtoto anaweza kwenda, mradi muwe na mwenyeji na mfuate miiko.)

Sasa tuivuke nchi nzima hadi Kaunti ya Busia, upande wa Teso, karibu na Malaba. Huku hakuna minazi, kuna wimbi. Kileo chao huitwa ajon. Mama mpishi huloweka wimbi mpaka lichipue, akalianika na kulisaga: hicho ndicho kimea. Unga mwingine huachwa uchachuke siku kadhaa kisha hukaangwa juu ya bati, na mwishowe vyote viwili huchanganywa na maji na kuachwa vichemke vyenyewe bila moto. Jirani zao Waluhya hupika busaa kwa njia inayokaribiana na hiyo, aghalabu kwa unga wa mahindi.

Chungu huwekwa katikati, wanywaji wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kadiri kinywaji kinavyopungua. Adabu zake ni nyingi. Mimi nilionywa mapema nisiushike mrija kwa mkono wa kushoto, wala nisipulize ndani ya chungu. Mwanzoni nilidhani ni mila tu. Nilipokaa nikaelewa. Watu kumi wanaokunywa katika chungu kimoja, mbele ya macho ya aliyekipika, wamewekeana amana. Mwenye nia mbaya hana pa kujificha.

Huenda ukaniuliza: kama mambo ni mazuri hivyo, mbona kila baada ya miaka michache tunasoma habari za misiba ya pombe? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika historia yetu.

Wakati wa ukoloni Mwafrika wa Nairobi hakuruhusiwa kujipikia. Miaka ya 1920 baraza la mji lilijitwalia haki ya kupika tembo na kuliuza katika kilabu chake cha Pumwani, na mama aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu. Uhuru ulikuja, lakini mazoea ya kumfukuza mpishi badala ya kumkagua hayakwisha. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kuipiga marufuku chang'aa. Je, chang'aa ilikwisha? Haikwisha. Ilihamia kando ya mito na katika vichochoro. Mpishi akawa hajulikani, muuzaji akawa mtu mwingine, na baina yao wakapatikana wajanja waliotia methanoli, kemikali ya viwandani, ili kinywaji kipate ukali upesi. Mwilini methanoli hugeuka asidi inayoshambulia neva za macho. Anayenusurika kifo huweza kubaki kipofu.

Mtaani nilikokulia, jijini Nairobi, palikuwa na fundi wa baiskeli aliyependwa na watoto wote kwa sababu alitujazia upepo bure. Novemba mwaka 2000 nilikuwa bado shule ya msingi. Jioni moja fundi alikwenda kunywa ile pombe iliyoitwa kumi kumi kwa sababu ya bei yake. Asubuhi aliamka akamwomba mkewe awashe taa. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza.

Majuma yale zaidi ya watu 100 walikufa jijini. Fundi wetu hakufa. Hadi tulipohama mtaa ule alikuwa akiziba pancha kwa kupapasa, na watoto ndio waliomwambia kama upepo ulikuwa unatoka. Ninachokumbuka zaidi ni mazungumzo ya watu wazima. Kila mtu alijua ni wapi ilikonywewa. Hakuna aliyejua ilipikwa na nani.

Mwaka 2010 sheria mpya iliondoa marufuku ile na kuruhusu chang'aa ipikwe kwa leseni na kwa viwango, ikiwa ndani ya chupa. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini leseni na vipimo vina gharama, na wapishi wengi wadogo walibaki gizani. Februari mwaka 2024, Kirinyaga ilizika watu wasiopungua 17 waliokunywa pombe yenye sumu. Miaka 23 baada ya fundi wetu, kisa ni kile kile.

Sasa turudi Nairobi, maana hapa pia kuna jambo la kutazama. Tangu karne hii ianze kumezuka baa zinazojipikia bia yao wenyewe. Brew Bistro ya barabara ya Ngong ilikuwa miongoni mwa zilizofungua njia. Mapipa ya kupikia yalikuwa mle mle ndani, mteja akiyaona. Wengine wamefuata, wakubwa kwa wadogo. Bei zao si za mfuko wa mwanafunzi, na mimi siendi huko kila Ijumaa. Lakini ninapokwenda huwa naomba kuonyeshwa mitambo, na sijawahi kukataliwa.

Unachokiona humo kitakustaajabisha ikiwa umefika Teso. Shayiri, ambayo kwetu hulimwa sehemu kama Mau Narok na Timau, huloweshwa mpaka ichipue. Hukaushwa ikawa kimea, ikasagwa, ikatiwa maji moto ili wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na hopi, yale maua machungu yatokayo ng'ambo, kisha hupozwa na kutiwa hamira. Ni kazi ile ile ya mama wa wimbi. Yeye ana chungu na bati, hawa wana pipa la chuma na kipimajoto. Kinachowatenganisha machoni pa serikali ni leseni, si ujuzi.

Na tusidhani kuwa ukubwa ndio mwanzo wa kila kitu. Hata kiwanda cha Ruaraka kilianza kidogo mwaka 1922, mikononi mwa George na Charles Hurst, ndugu wawili Waingereza. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na kwa kumkumbuka bia yao ikaitwa Tusker. Wao walipewa nafasi ya kukua hadharani. Mpishi wa Pumwani hakupewa.

Nchi nyingine zilitambua mapema kuwa kinachofaa kutungiwa sheria ni kilichomo ndani ya chungu. Huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1516 watawala waliamuru kuwa bia ipikwe kwa shayiri, hopi na maji tu. Hawakumfukuza mpishi. Walimwambia atie nini. Serikali zetu za kaunti, ambazo ndizo zenye mamlaka ya leseni za vileo, zingeweza kuanzia hapo: ziupime mnazi, ziipime ajon na busaa, na kumpa mpishi mwaminifu karatasi anayoweza kuimudu.

Tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi kila kilichopikwa kwa mkono ni salama. Nimeona mnazi ukibebwa kwa mitungi ya plastiki ambayo singeweka hata maji ya kufulia. Sisemi pia kwamba kileo kikipikwa vyema hakileti madhara. Ulevi ni ulevi, na karo iliyonywewa kwa mrija imekwenda sawa na iliyonywewa kwa chupa. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe, na mangwe si mahali pa kumpeleka mwanao.

Lakini wewe mtu mzima utakayekwenda, na hasa wewe mwanafunzi wa chuo ambaye wenzako watakualika likizo ijayo, zingatia haya machache. Nenda mchana, na mwenyeji. Kula kwanza. Liache gari, upande matatu. Kaa mbali na kitu chochote kikali kisichokuwa na lebo ambacho muuzaji hakipiki mwenyewe. Usikubali kilichomiminwa gizani. Na kabla hujashika mrija, uliza: nani amepika, amepika lini, ametia nini?

Mzee wa Kaloleni hakukasirika nilipomuuliza. Alinionyesha mti. Mama wa Teso alinipeleka jikoni akafunua chungu. Kijana wa mapipa ya chuma aliniletea kimea nitafune. Mpishi mwema hupenda kuulizwa, maana ndiyo fahari yake. Ukifika mahali ambapo swali hilo linamfanya muuzaji akunje uso na kukwambia unywe au uondoke, basi, ndugu yangu, amekwisha kukujibu. Inuka uende zako.