Batri inayokataa kupita 80

Tangu mwezi uliopita kompyuta ya chama, ile inayobeba hesabu zetu zote za likelemba, inajaa mpaka asilimia 80 na kusimama hapo. Fundi mmoja aliitazama kidogo tu, akasema batri imekufa, tulete dola 40. Wamama, dola 40 ni zamu nzima ya mama mmoja, na aliyefikiwa alikuwa anangojea kulipa masomo ya watoto. Hatukutoa.

Mtoto wa dada yetu wa Mangobo, anayesoma Chuo Kikuu cha Kisangani, alifungua programu ya kiwanda iliyokuja na mashine. Humo mna kitufe kinachosimamisha chaji kwa 80 kusudi batri idumu. Batri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa huku zimepata joto, na joto la kwetu mnalijua. Kompyuta nyingi za sasa zina kitufe hicho; nyingine husimama kwa 60.

Tukizime? Tulibishana sana. Mama mweka hazina alitaka 100, maana umeme ukikatika katikati ya mkutano hesabu inabaki njiani. Tumekubaliana: siku zote 80, usiku wa kuamkia mkutano 100.

Kama yako haina kitufe, angalia chaja. Ya wati 45 kwenye kompyuta inayotaka 65 hujaza polepole, pengine haijazi kabisa ukiwa unaitumia. Lakini batri ikivimba, hata kidogo, zima, chomoa, usiichaji tena, na usiiweke karibu na makala.