Mstari wa Msemaji na Mstari wa Programu

Siku hizi wanafunzi wengi wa isimu katika kitivo chetu hawamalizi tasnifu bila kuandika programu ndogo ya kompyuta. Mmoja anahesabu viambishi, mwingine anatafuta maneno ya Kifaransa ndani ya mazungumzo ya Kiswahili, wa tatu anapanga methali kwa alfabeti. Kazi hiyo tunajifunza kwa kuomba msaada kwa wenzetu wa informatiki, na pamoja na msaada tunapokea desturi zao. Nataka kuzungumzia desturi moja tu, ambayo kwa nje ni ndogo sana: namna ya kuandika matini yenye mistari mingi ndani ya msimbo wa programu ili ionekane nadhifu. Kwa mtu anayechunguza Kiswahili cha Lualaba, jambo hilo linazidi unadhifu. Linaweza kuamua neno ni nini.

Nimezaliwa Kolwezi, na tasnifu yangu inahusu ku, mu na pa katika Kiswahili tunachokisema kule. Kiswahili sanifu kinasema kazini, nyumbani, sokoni. Sisi tunasema ku kazi, ku nyumba, ku soko, na kama jambo liko ndani, mu nyumba. Kiswahili hiki kilikua katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ambako walikutana watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa pande nyingine. Katika eneo letu kinaishi pamoja na Kisanga, Kilunda, Kindembo, Uchokwe na Kiluba. Katika Kiluba, kwa mfano, ku, mu na pa hutangulia nomino na huhesabiwa kuwa viambishi. Swali langu basi ni hili: ku ya Kolwezi ni kiambishi kilichoshikamana na nomino, au ni neno linalojitegemea kama kwa na katika? Anayeandika kukazi ameshajibu. Anayeandika ku kazi ameshajibu pia. Kwenye simu zetu utaona miandiko yote miwili, pengine katika ujumbe wa mtu mmoja.

Kwa hiyo sikutaka kutegemea maandishi. Nilirekodi wazee wakizungumza, akiwemo babu yangu, aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, na nikaandika maneno yao kwa kanuni moja: msemaji akinyamaza kidogo, naanza mstari mpya. Kwangu mstari mmoja ni pumzi moja. Hapa babu anaeleza maisha ya kambini:

Asubui tulikuwa tunaenda ku
kazi, bamama banabakia mu
nyumba.

Yaani, asubuhi tulikuwa tunaenda kazini, na akina mama wanabaki nyumbani. Tazameni alipovuta pumzi: baada ya ku, na tena baada ya mu. Kituo kimoja hakithibitishi kitu, maana mtu anaweza kusita hata katikati ya neno. Lakini vituo vikirudi mahali palepale, kwa msemaji huyu na yule, vinakuwa ushahidi. Mtu anayesema kazini hana mazoea ya kutamka kazi, akapumzika, kisha akamalizia -ni. Katika daftari langu, ushahidi huo wote uko mwishoni mwa mistari.

Rafiki yangu wa informatiki alinisaidia kuingiza mifano kama hii katika programu ya Python. Kwa ufundi wake aliipanga vizuri, kila mstari chini ya mwenzake, bila hata mmoja kuvuka herufi 79, kama mwongozo wa mtindo wa lugha hiyo unavyoshauri tangu mwaka 2001:

maneno = ("Asubui tulikuwa tunaenda ku"
          "kazi, bamama banabakia mu"
          "nyumba.")

Kwa jicho la binadamu, hapa kuna mistari mitatu. Kwa kompyuta hakuna. Python ina kanuni iliyomo pia katika lugha ya C: matini mbili zilizofungwa kwa alama za kunukuu na kuwekwa jirani huunganishwa kuwa moja, bila nafasi wala mstari mpya katikati. Kwa hiyo programu ilisoma: tunaenda kukazi, bamama banabakia munyumba. Katika daftari langu sentensi hiyo ina maneno tisa. Programu ilihesabu saba. Nilipoiamuru itafute ku, ilijibu kwamba haipo. Haikutoa onyo lolote, kwa sababu kwa kanuni zake hakuna lililoharibika.

Nilipomwonyesha, rafiki yangu alishangaa kidogo. “Lakini yaya,” aliniuliza, “inabadilisha nini? Maneno si ni yaleyale?” Swali lake ni la haki. Katika kazi yake ya kawaida, matini ndefu ndani ya msimbo ni ujumbe wa kumwonyesha mtumiaji, na nafasi ikikosekana mtu ataiona na kuirudisha. Katika Kiswahili, silabi zetu huishia kwa irabu na viambishi vyetu vingi ni silabi moja, kwa hiyo maneno mawili yaliyogandamana mara nyingi hufanana na neno halali. Jaribuni na Kiswahili sanifu: mstari ukiishia huyu si na unaofuata ukianza na mama, kompyuta itasoma huyu simama. Kwa na nini vitatoa kwanini, ambayo wengi wetu tayari wanaiandika hivyo. Upande wa ku na mu hatari inazidi, kwa sababu kukazi ni mojawapo ya majibu mawili ninayoyapima. Programu ilikuwa imechagua upande kabla ya mimi kuanza uchambuzi.

Python ina njia nyingine. Matini ikifungwa kwa alama tatu za kunukuu kila upande, mistari yake inahifadhiwa kama ilivyo. Tatizo la pili linaanzia hapo. Katika Python, sehemu za programu hujongezwa ndani ili kuonyesha kipi kiko chini ya kipi, na kujongeza huko ni sehemu ya sarufi ya lugha yenyewe. Ukiijongeza na matini ili iendane na msimbo, nafasi zile zinaingia ndani ya matini. Msemaji hakuzisema, lakini faili inazo. Kwetu nafasi mwanzoni mwa mstari si kitu cha kupuuza: katika unukuzi wa mazungumzo, mstari uliosogezwa ndani huonyesha kwamba msemaji wa pili ameanza kabla wa kwanza hajamaliza, na katika uchambuzi wa mofimu kwa mofimu, nafasi ndizo zinazoweka kila maana chini ya mofimu yake.

Dawa yake ni zana ndogo inayoitwa dedent, katika maktaba ya textwrap inayokuja na Python yenyewe. Inatazama mistari yote, inatafuta nafasi za mwanzo ambazo wote wanazo kwa pamoja, na kuziondoa hizo tu. Mstari uliosogezwa zaidi ya wenzake unabaki na tofauti yake.

maneno = dedent("""\
    Asubui tulikuwa tunaenda ku
    kazi, bamama banabakia mu
    nyumba.
    """)

Mkwaju wa nyuma baada ya alama za kwanza una kazi yake. Bila huo, mngepata mstari mtupu mwanzoni. Na kama mngeanzisha maneno palepale baada ya alama, mstari wa kwanza usingekuwa na nafasi yoyote, basi pasingekuwa na nafasi za pamoja za kuondoa. Angalieni pia msichanganye nafasi za kawaida na zile za kitufe cha tabo, kwani dedent haizihesabu kuwa kitu kimoja. Java nayo, tangu toleo la 15 la mwaka 2020, ina matini za mistari mingi zinazoondolewa nafasi za pamoja kwa wazo lilelile.

Tatizo la mipaka ya maneno ni la zamani kuliko kompyuta zetu. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa bado Elisabethville, ilitolewa historia ya mji huo iliyoandikwa kwa Kiswahili cha huko na André Yav, kwa ajili ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Maneno ndani yake hayakutengwa kwa desturi ya vitabu. Johannes Fabian, ambaye katika miaka hiyo ya 1960 alifanya utafiti Kolwezi kuhusu Jamaa, alilitoa andiko hilo mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango. Njia waliyoitumia inanifundisha: andiko lilisomwa kwa sauti, ili sikio lisaidie kuamua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Hawakuiachia karatasi iamue peke yake. Vivyo hivyo wanakili wa tenzi za pwani kwa herufi za Kiarabu mara nyingi waliweka ubeti mzima, vipande vinne, katika mstari mmoja, lakini waliweka alama kati ya kipande na kipande. Karatasi iliokolewa, na vipande havikupotea.

Kutokana na hayo nimejiwekea taratibu chache. Matini ndefu haikai ndani ya msimbo kamwe. Inakaa katika faili yake ya maandishi, na programu inaifungua na kuisoma. Ndani ya msimbo nabakiza mifano mifupi ya kupimia programu, kwa alama tatu na dedent. Nikitaka kuunganisha mistari, naamuru mwenyewe iunganishwe kwa nafasi moja, na nakala yenye mistari ya awali naitunza. Kabla ya kuamini hesabu yoyote, naichukua mifano mitatu au minne, nahesabu maneno na mistari kwa kidole, kisha nalinganisha na jibu la kompyuta.

Sijafikia bado jibu kuhusu ku. Kuna wazee wanaotua baada yake na vijana wanaoimeza katika nomino, na huenda jibu likawa tofauti kwa kizazi na kizazi. Lakini jibu hilo linapaswa kutoka vinywani mwa watu wa Manika na Dilala. Kiswahili chao kimehukumiwa mara nyingi kwa kipimo cha Kiswahili bora, bila kusikilizwa. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa mbinu za utafiti waongeze saa moja juu ya jambo hili katika somo lao, na wenzangu mnaoandika programu mwaka huu, fungueni msimbo wenu mtazame mistari inapoishia.