Usiitupe karatasi hiyo ya tamasha

Iwapo umewahi kwenda kwenye tamasha kubwa la muziki, huenda uliwaona vijana wakipitapita kwenye foleni wakiuza kijitabu chenye picha za wanamuziki na majina ya watakaopanda jukwaani. Wengi hukinunua, wakajipepea nacho jua likiwa kali, wakakikalia nyasi zikiwa na umande, kisha wakakiacha papo hapo. Asubuhi wafagiaji hukizoa pamoja na chupa. Mimi ni miongoni mwa wachache wanaokitafuta miaka thelathini au arubaini baadaye, tena kwa pesa. Nyumbani huniita Mzee Karatasi, nami huitika.

Ninachokusanya hasa ni vijitabu, tikiti na mabango ya matamasha ya roki ya zamani, ya Uingereza na Marekani. Utaniuliza: Mkenya na roki wapi na wapi? Lakini usisahau kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka wa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Isitoshe, mimi sikuupata ugonjwa huu barabarani. Nimeurithi kwa kaka yangu mkubwa, na habari zake zinakuja.

Kinachonivutia ni kwamba karatasi hizi huchapishwa kabla ya tamasha. Hazijui litakalotukia. Chukua bango la Moorhead, jimbo la Minnesota, la tarehe 3 Februari 1959. Linamtangaza Buddy Holly na wenzake kwa herufi nene, bila wasiwasi wowote. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege ndogo waliyoikodi ilianguka huko Iowa, wakafa Holly, Ritchie Valens, J.P. Richardson na rubani wao. Tamasha halikufutwa. Miongoni mwa waliojaza pengo walikuwa vijana wa eneo hilo, wakiwa na Bobby Vee, mvulana wa miaka 15. Mwaka wa 2022 bango moja la usiku huo liliuzwa mnadani kwa dola 447,000. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi, kisha keti chini.

Au tazama tikiti za Woodstock. Ile ya siku tatu ilichapishwa tarehe 15, 16 na 17 Agosti 1969, ilhali Jimi Hendrix alipiga gitaa lake Jumatatu asubuhi, tarehe 18, umati mkubwa ukiwa umekwisha kwenda zake. Tena tikiti zenyewe hazikuwa na kazi, maana ua ulivunjwa na waandalizi wakatangaza kwamba kuingia ni bure. Ndiyo sababu zilibaki nyingi ambazo hazijachanwa, na hata mtu wa mshahara kama wangu anaweza kuipata moja bila kuuza ng'ombe.

Sasa nije kwa kaka. Mwaka wa 1985 alikuwa mwanafunzi London, mchana darasani, usiku akiosha vyombo hotelini. Tarehe 13 Julai alikwenda uwanja wa Wembley kwenye Live Aid, tamasha la kuwachangia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Tikiti ilikuwa pauni 25: kiingilio pauni 5, mchango pauni 20. Sijui alizipata wapi, kwa maana mwezi huo hakutuma hata senti nyumbani, na mama alinung'unika hadi Krismasi.

Alirudi na kijitabu cha siku hiyo, amekijaza maandishi ya wino pambizoni. Penye Queen ameandika: "Dakika ishirini tu, uwanja mzima mikono juu. Rafiki yangu wa Unguja alisema kweli." Penye Paul McCartney: "Sauti haitoki!" Na kweli, kipaza sauti cha McCartney kilikataa kwa takriban dakika mbili za mwanzo. Kwenye David Bowie mwandiko unabadilika. Bowie aliacha wimbo mmoja ili ipatikane nafasi ya kuonyesha filamu ya watoto wa Ethiopia waliokondeana kwa njaa. Kaka ameandika: "Kimya. Mwaka jana nyumbani walikula mahindi ya manjano. Hawa hata hayo hawana."

Kaka alifariki mwaka wa 2006, binti yake akiwa na miaka miwili. Majuzi binti huyo alipata nafasi chuo kikuu, na karo ikawa mlima. Wakati huohuo mkusanyaji mmoja wa ng'ambo alikuwa amekipenda kijitabu. Nilipompelekea picha, aliteremsha bei palepale. Kalamu imekiharibu, alisema; kwa wakusanyaji, karatasi safi ndiyo mali. Kisha akauliza kama fundi anaweza kuufuta wino huo kwa dawa, aongeze pesa.

Shemeji yangu hakuona tatizo. "Shemeji, karo hailipwi kwa kumbukumbu," aliniambia, na sikuwa na jibu la kumpa. Lakini mali ilikuwa ya binti. Nilimwekea kijitabu mezani, nikanyamaza. Alikisoma jioni nzima, pambizo baada ya pambizo. Mwandiko wa baba yake alikuwa ameuona kwenye sahihi za vyeti tu. Hatimaye akauliza, "Baba mdogo, mahindi ya manjano ndiyo nini?" Nikamsimulia ukame wa 1984, na yale mahindi kutoka ng'ambo ambayo tuliyala huku tukiyasengenya.

Kijitabu hakikuuzwa. Niliuza tikiti yangu ya Woodstock na mabango mawili ya San Francisco, ukoo ukachanga kiasi, nyingine tunaendelea kuilipa pole pole. Shemeji bado anatuona wajinga, na siku barua ya deni inapofika mimi pia huwa na mawazo kama yake.

Nikuachie machache, iwapo nawe una kitu kabatini. Usipige pasi karatasi iliyokunjika, wala usiizibe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Usiitie kwenye leminesheni, kwa sababu haitoki tena. Ilaze ndani ya bahasha ya poliesta, si plastiki rahisi inayotoa jasho, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, na mbali na jikoni kwa ajili ya mende. Kabla ya kununua bango la zamani chukua lenzi: herufi zilizotengenezwa na vitone vidogo vidogo huwa dalili ya nakala iliyopigwa picha.

Ukitaka kuandika pambizoni, tumia penseli. Anza na haya ya kwetu, yanayobandikwa kwa uji wa unga kwenye nguzo za stima na kufunikwa na ya mwingine kabla ya wiki kuisha. Omba moja kwa kijana mwenye ndoo ya uji, kabla hajalipaka.